Uko ila Haupo: Ngeli ya Mahali na Lugha ya Kumbukumbu Pepe katika Kompyuta



1. Utangulizi

Mihadhara ya hadhara kuhusu Kiswahili imezoea kushughulikia fasihi, lahaja, historia ya lugha na sera za lugha. Leo ninaomba niipeleke taaluma yetu mahali ambapo haitembelewi mara nyingi. Nitazungumzia jambo linalotendeka ndani ya kila kompyuta ya mezani, na ndani ya simu nyingi mlizonazo mifukoni, mara nyingi katika kila sekunde: namna kiini cha mfumo endeshi kinavyosimamia kumbukumbu pepe.

Huenda mtu akauliza: mwanaisimu anatafuta nini huko? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kusudio la mhadhara huu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa nchini Tanzania mwaka 1967, kazi kubwa imefanywa ya kuunda na kusanifisha istilahi. Katika uwanja wa kompyuta, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice, na hivyo ikadhihirika kwamba mtu anaweza kuandika, kuhariri na kuhifadhi faili bila kukutana na neno la Kiingereza kwenye kioo. Hata hivyo, kazi hiyo ilihusu uso wa mashine. Kuhusu kinachotendeka nyuma ya uso huo, bado husikika hoja kwamba Kiswahili kinaweza kutaja kitufe, lakini hakiwezi kueleza kinachofuata baada ya kitufe kubonyezwa.

Hoja hiyo ina athari kubwa. Katika vyuo vikuu vyetu vya Tanzania na Kenya, sayansi ya kompyuta hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi mwenye akili nzuri huweza kukariri fasili na kuijibia mtihani bila kuimiliki. Ukimtaka aeleze jambo lilelile kwa lugha anayoifikiria, hukwama, na wengi wetu huharakisha kusema kwamba iliyokwama ni lugha. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Heshima hiyo tunaipokea kwa furaha, lakini haitamsaidia mwanafunzi huyo mpaka sisi wenyewe tufanye kazi inayotuhusu.

Hoja yangu ya msingi ni kwamba tumekuwa tukilitafuta jibu katika orodha za nomino, ilhali sehemu kubwa ya jibu imo katika sarufi. Kiswahili kina ngeli ya mahali yenye viambishi vitatu, PA, KU na MU. Nitajaribu kuonesha kwamba tofauti zinazobebwa na viambishi hivyo zinaeleza utendaji wa kumbukumbu pepe kwa usahihi.

2. Tatizo ambalo kumbukumbu pepe ililetwa kulitatua

Kumbukumbu kuu ya kompyuta ni safu ndefu ya baiti, na kila baiti ina anwani, yaani namba inayoonesha mahali ilipo. Katika kompyuta za awali, mwandishi wa programu alitumia anwani hizo moja kwa moja. Programu ilipokuwa kubwa kuliko kumbukumbu, ilimlazimu aikate vipande yeye mwenyewe, apange kipande kipi kiingie lini kutoka kwenye ghala la nje, na kipi kitolewe ili kukipisha. Kazi hiyo ilikula muda na ilizaa makosa mengi.

Ufumbuzi uliojitokeza katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, ulikuwa wa kuikabidhi mashine kazi hiyo. Kompyuta ya Atlas, iliyojengwa chini ya uongozi wa Tom Kilburn na kuzinduliwa mwaka 1962, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya maneno ya mashine 16,384, na ghala la ngoma ya sumaku lenye maneno 98,304. Kumbukumbu iligawanywa katika kurasa za maneno 512 kila mmoja, na kwa hiyo kumbukumbu kuu ilitosha kurasa 32 tu. Hata hivyo, mwandishi wa programu aliziona ghala hizo mbili kama ghala moja. Alipotaja anwani, mashine yenyewe ilitafuta ukurasa wake. Kama haukuwa kwenye kumbukumbu kuu, uliletwa kutoka kwenye ngoma, na ukurasa mwingine ukaondolewa kuupisha. Wenyewe waliuita mpango huo ghala la ngazi moja.

Tangu hapo anwani imekuwa ya aina mbili. Ipo anwani halisi, inayotaja mahali mahususi ndani ya vifaa vya mashine, na ipo anwani pepe, anayoitumia mwandishi wa programu. Kuziunganisha mbili hizi ndiko ninakokuita uoanishaji. Sikulichagua neno ramani, kwa sababu ramani kwa msemaji wa kawaida ni mchoro uliokwisha kutengenezwa, ilhali hapa tunataja tendo linalofanywa na kufanywa upya. Kutokana na kitenzi oanisha tunapata oanishwa, oanishia, uoanishaji na mwoanisho, na mnyambuliko wote unafaa kutumika.

3. Neno “hapa” na anwani pepe

Wanafunzi wa isimu wanalifahamu suala la uelekezi. Neno hapa halina mahali pake pa kudumu. Likitamkwa na mtu aliyeko Mombasa, linataja Mombasa. Likitamkwa na mtu aliyeko Kigoma, linataja Kigoma. Maana yake haijakamilika mpaka tujue msemaji ni nani na yuko wapi.

Anwani pepe ina tabia hiyohiyo. Programu mbili zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, yaani michakato miwili, zinaweza kutaja anwani ileile, tuseme 4,194,304, na kila moja ikapata data yake bila kugongana na mwenzake. Kwa kawaida kila mchakato una jedwali lake la kurasa, na prosesa huisoma anwani kwa kufuata jedwali la mchakato unaoendeshwa wakati huo. Prosesa inapohama kutoka mchakato mmoja kwenda mwingine, kiini huielekeza kwenye jedwali jingine, na “hapa” ya zamani hubadilika maana papo hapo. Kutokana na mpango huo, mchakato mmoja hauna njia ya kutaja mahali pa mwenzake, kwa kuwa katika lugha yake mahali hapo hapana jina. Usalama wa data zetu unategemea kwa kiasi kikubwa kanuni hii.

4. Umo, uko, upo

Sasa tuifuate kazi yenyewe hatua kwa hatua. Nitatumia mfano wa Linux, kiini ambacho Linus Torvalds alianza kukiandika mjini Helsinki mwaka 1991, na ambacho leo kimo pia ndani ya simu za Android. Katika prosesa nyingi ukurasa una baiti 4,096.

Tuseme mchakato unaomba kumbukumbu ya gigabaiti moja, yaani kurasa 262,144. Kiini kinapokubali ombi hilo, kwa kawaida hakitoi hata fremu moja. Fremu ni mahali katika kumbukumbu halisi panapotosha ukurasa mmoja. Kinachofanyika ni kuandika katika daftari la maeneo la mchakato huo kwamba kuanzia anwani fulani hadi anwani fulani kuna eneo, na kwamba eneo hilo linaruhusiwa kusomwa na kuandikwa. Mchakato huendelea na kazi ukijua kwamba umepewa gigabaiti moja.

Baadaye mchakato unaandika baiti ya kwanza katika eneo hilo. Prosesa inalisoma jedwali la kurasa. Katika prosesa za jamii ya Intel na AMD, kila mstari wa jedwali hilo una biti moja yenye kazi ya kujibu swali moja: ukurasa upo au haupo? Ninapendekeza tuiite biti ya uwepo. Katika mfano wetu biti hiyo ni sifuri. Prosesa inaisimamisha amri iliyokuwa ikitekelezwa na kukiita kiini. Kiini kinalifungua daftari la maeneo na kuuliza swali la kwanza: je, anwani hii imo? Ikiwa haimo, mchakato umetaja mahali usipopewa, na kwa kawaida huuawa. Ikiwa imo, na tendo lenyewe linaruhusiwa, kiini huchukua fremu iliyo wazi, huijaza sifuri ili data za mtumiaji wa awali zisionekane, huandika namba ya fremu hiyo katika jedwali, kisha huwasha biti ya uwepo. Amri iliyosimamishwa hurudiwa tangu mwanzo, na mara hii inafaulu. Mchakato wenyewe hautambui kwamba ulisimamishwa.

Tuangalie sasa sarufi yetu inasema nini. Tunafundisha kwamba PA huonesha mahali mahususi, KU huonesha mahali pasipo dhahiri, na MU huonesha undani. Viambishi hivyo vina vishirika -po, -ko na -mo, navyo vinatupatia maelezo yafuatayo.

Anwani ikiwa imo katika daftari la maeneo, mchakato una haki ya kuitaja. Ikiwa haimo, hakuna mjadala tena. Hili ni suala la undani wa orodha, na -mo ndiyo inayolifaa.

Ukurasa ukiwa upo, una fremu yake inayojulikana kwa namba, na prosesa hufika bila kumwuliza yeyote. Hili ni suala la mahali mahususi, na -po ndiyo inayolifaa.

Kati ya hali hizo mbili ipo hali ya tatu, ambayo ndiyo moyo wa kumbukumbu pepe. Ukurasa unaweza kuwa umo daftarini na una data, lakini data hizo zimehamishiwa kwenye diski, au ni sehemu ya faili ambayo haijasomwa bado. Mswahili anapoulizwa habari za mtu wa nyumbani aliyetoka, hujibu bila kufikiri: yuko, ila hayupo. Hivyo ndivyo ulivyo ukurasa huo: uko, ila haupo. Sentensi hii ya maneno matatu inaeleza hali ambayo vitabu vya kiada huieleza kwa aya nzima. Tena neno uwepo, ambalo nimelitumia kuitaja ile biti, limetokana na -po hiyohiyo.

Ninafahamu kwamba katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi hawazitenganishi -po na -ko kwa ukali huu, na kwamba hamna na hakuna hutumika kwa kubadilishana. Hilo si kikwazo. Lugha ya taaluma siku zote huchukua tofauti iliyolegea katika mazungumzo na kuikaza. Wanafizikia wamefanya hivyo kwa maneno nguvu, kani na nishati. Faida yetu ni kwamba tofauti ya -po, -ko na -mo haihitaji kubuniwa, kwani imekwisha kufundishwa katika shule za msingi.

5. Kupima istilahi kwa kazi

Maelezo niliyoyatoa yanatuwezesha kuzipima istilahi kadhaa kwa kigezo cha kazi zinayoifanya ndani ya sentensi.

Kwanza, neno kiini. Baadhi ya waandishi hulitohoa na kusema kerneli. Sioni ulazima huo. Kiini ni sehemu ya ndani ya mbegu au yai, inayobeba uhai wa kitu chote, na maana hiyo inalingana na nafasi ya programu hii ndani ya mfumo endeshi.

Pili, neno pepe. Lilienea kupitia barua pepe, na kwa hiyo watu wengi hulielewa kuwa ni sifa ya kitu chochote cha kielektroniki. Kwa maana hiyo halitufai, maana kumbukumbu yote ya kompyuta ni ya kielektroniki. Lakini mkulima wa mpunga analo pepe la zamani zaidi: punje yenye ganda lisilo na kitu ndani. Gigabaiti iliyotolewa katika mfano wetu ilikuwa pepe kwa maana hiyo. Ganda lilikuwapo katika daftari, na punje zilijazwa moja baada ya nyingine kadiri zilivyoguswa. Ninalikubali neno hili, na ninalipendelea kuliko “ya kufikirika”, kwa sababu data zinazosomwa kwa anwani pepe ni data za kweli.

Tatu, tukio la prosesa kukiita kiini pale ukurasa usipokuwapo. Istilahi ya Kiingereza ya tukio hili hutumia neno lenye maana ya kasoro, na orodha zetu zimeelekea kulifuata kwa kusema hitilafu ya ukurasa au kosa la ukurasa. Tafsiri hiyo inapotosha. Tukio hili hutokea mara nyingi katika programu isiyo na kasoro yoyote. Ndiyo njia ya kawaida ya kujaza kumbukumbu. Mwanafunzi anayesoma “hitilafu” hutafuta kilichoharibika, na hakipati. Ninapendekeza wito wa ukurasa. Neno hitilafu au kosa tulihifadhi kwa anwani isiyomo.

Nne, hali ya kumbukumbu kuzidiwa. Kurasa zinazohitajiwa zikiwa nyingi kuliko fremu, kila ukurasa unaoletwa huufukuza mwingine utakaohitajiwa mara moja, na mashine hutumia muda wake wote kuhamisha kurasa pasipo kufanya kazi iliyotumwa. Peter Denning aliichambua hali hii katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1968, na akaonesha kwamba dawa yake ni kuhakikisha kila mchakato unaoendeshwa unabaki na kurasa unazozitumia kwa kipindi hicho. Kiswahili kinalo neno kukurukakara, ambalo hutaja hekaheka na purukushani. Sijaona neno linaloifaa zaidi hali hii.

Si kila neno lazima liwe la asili. Fremu, biti, baiti na kache yamekwisha kupokewa, yanakubali viambishi vyetu, na hayampotoshi msomaji. Historia ya neno kompyuta inatosha kutufunza. Ngamizi na tarakilishi yalipendekezwa kwa hoja nzuri, na tarakilishi lingali hai katika maandishi ya Kenya, lakini lililoenea kwa wingi ni kompyuta. Lenyewe neno ukurasa limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya daftari; wasemaji wetu wakaliona kurasa kama wingi, na kwa kufuata sarufi yao wakaunda umoja wake.

6. Je, lugha hii inahimili undani zaidi?

Mtu anaweza kusema kwamba mfano nilioutoa ni mwepesi, na kwamba Kiswahili kitashindwa tukiingia ndani zaidi. Natuingie.

Katika prosesa nyingi za biti 64, anwani pepe hutumia biti 48. Biti 12 za mwisho hutaja baiti ndani ya ukurasa, na 36 zinazobaki hutaja ukurasa wenyewe. Kama jedwali lingekuwa orodha moja iliyonyooka, lingehitaji mistari 68,719,476,736, na kwa kuwa kila mstari huchukua baiti 8, jedwali la mchakato mmoja lingejaza gigabaiti 512. Hakuna mashine ya kawaida inayoweza kubeba hayo. Kwa hiyo jedwali hupangwa kama mti wenye ngazi nne. Biti 36 hugawanywa katika mafungu manne ya biti 9, na kila fungu huchagua tawi moja kati ya 512. Tawi ambalo mchakato haulihitaji halioteshwi kabisa. Mwaka 2017 Linux iliongezewa uwezo wa kutumia ngazi ya tano, na anwani ikafikia biti 57.

Kuupanda mti huo kwa kila anwani kungechelewesha kazi. Kwa sababu hiyo prosesa huweka kache ndogo ya tafsiri ilizokwisha kuzifanya karibuni. Kiini kinapoubadilisha mwoanisho, hulazimika pia kuhakikisha kwamba tafsiri ya zamani imefutwa katika kache hiyo, la sivyo prosesa itaendelea kwenda mahali palipokwisha kupewa mwingine.

Hali kadhalika, mchakato unapozaa mchakato mwingine, kiini hakinakili kurasa zote za mzazi. Humpa mtoto jedwali linaloelekeza kwenye fremu zilezile, na huziwekea kurasa zinazoandikika alama kwamba kwa sasa zinasomwa tu. Wa kwanza kati yao anayejaribu kuandika husababisha wito, na hapo ndipo kiini hunakili ukurasa huo mmoja. Nakala huahirishwa mpaka itakapohitajika.

Mwisho, kuoanishwa si sawa na kuruhusiwa. Kwa miaka mingi kurasa za kiini zilioanishwa ndani ya jedwali la kila mchakato kwa alama ya kuzuia zisisomwe. Januari 2018 kasoro iliyoitwa Meltdown ilitangazwa. Ilionesha kwamba katika prosesa nyingi za Intel mchakato wa kawaida ungeweza kupenyeza na kuzisoma data zilizokatazwa, kwa kuwa kurasa zilikuwapo, ingawa zilifungwa. Dawa iliyotumiwa na Linux ilikuwa kutenganisha majedwali, ili mchakato unapoendeshwa, kurasa karibu zote za kiini zisiwepo kabisa katika jedwali lake. Anayeielewa tofauti kati ya “upo ila umezuiwa” na “haupo” ameuelewa ufumbuzi huo.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, nimeeleza jambo la ndani ya kompyuta kwa zaidi ya nusu ya mhadhara huu, na istilahi mpya nilizozihitaji hazikuzidi vidole vya mikono miwili. Sehemu kubwa ya mzigo imebebwa na vitenzi, viambishi na viunganishi ambavyo kila mmoja wetu anavyo. Kutokana na uzoefu huo ninapendekeza mambo matatu.

La kwanza, kamati za istilahi zisipitishe neno la kompyuta kabla ya kuliona likifanya kazi ndani ya maelezo kamili ya angalau aya moja. Neno hitilafu lisingepita katika mtihani huo. La pili, wanaisimu na wanasayansi wa kompyuta waketi meza moja tangu mwanzo wa kazi, badala ya mmoja kupelekewa orodha ya mwenzake aikague. La tatu, na hili ninawaelekezea wanafunzi: kila anayeandika tasnifu katika uwanja wa istilahi achague utendaji mmoja wa mashine na aueleze kwa Kiswahili mpaka mwisho. Atakapokwama, aandike amekwama wapi. Mahali hapo ndipo lugha inapohitaji kazi yetu, na hatuwezi kupajua kwa kukaa nje.

Kuhusu wanaodai kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kuyasema haya, sitawakatalia kwa maneno makali. Nitawaomba tu watumie sarufi yao wenyewe kwa makini. Uwezo wanaoutafuta uko. Mara nyingi haupo katika vitabu vyetu na katika madarasa yetu, na kuuleta huko ni kazi iliyo mikononi mwetu.